Ugomvi wa Nyumbani Usikaushe Shamba



Wazee wetu walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana yake ni kwamba ugomvi wa ndugu haudumu, na mtu wa nje asijitie kati. Ni maneno mazuri. Lakini pako mahali pamoja ambapo methali hii haitufai sana sisi watu wa skimu. Je, wagombanao wakiwa ni mume na mke wa shamba moja, ni nani atakayechukua jembe? Wenye jembe ndio hao hao wanaogombana. Na kapu litatoka wapi, kama hapana aliyelima?

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Nilisomea ualimu, sikusomea sheria. Kazi yangu ni kuandika majina ya wakulima, kupokea fomu za mbegu na mbolea, na kuweka daftari la zamu za maji. Hata hivyo, mezani pangu huja mambo ambayo hayahusu mbegu wala mbolea. Asubuhi huja mume asema, "Karani, futa jina la mwanamke huyu, nimemwacha." Alasiri huja mke asema, "Karani, usifute, shamba hili nimelipalilia miaka tisa." Karani hana mamlaka ya kuacha wala kuoza. Nami siwezi kufuta jina kwa sababu ya hasira ya asubuhi moja. Basi nimeona yafaa tuzungumze juu ya jambo hili katika ukurasa huu, ili ujue ni wapi pa kwenda, na nini cha kufanya kabla hujafika kwangu.

HASARA YA UGOMVI

Hebu tuchukue mfano. Tuseme pana mume na mke wenye shamba kando ya mto Tana, karibu na Garissa. Wamepanda vitunguu. Miche imekaa kitaluni wiki saba, ikahamishiwa matutani, na sasa vitunguu vinaanza kujaa. Ndipo ugomvi unapoingia. Mume atamka talaka. Mke achukua watoto aenda kwa kaka yake mjini. Pampu ya dizeli imeandikwa jina la mume, lakini ufunguo wa kibanda anao mke. Deni la mbegu limeandikwa jina la mke, lakini simu inayopokea fedha za mnunuzi ni ya mume.

Je, ni nani atakayefungua maji? Mume asema hawezi kumwagilia mali itakayokuja kugawanywa. Mke asema hawezi kurudi mahali alipofukuzwa. Majirani hawataki kuingia katika shamba lenye maneno. Zamu ya maji yapita, ya pili yapita, ya tatu yapita. Nawe wajua jinsi jua la Garissa lilivyo. Kitunguu kinachojaa hakingoji watu wamalize ugomvi wao. Huacha kukua, kikabaki kidogo kama kidole gumba.

Baada ya miezi mingi shauri lamalizika. Mume ameshinda, au mke ameshinda, si kitu. Wanapokwenda kutazama kile kilichokuwa kikigombaniwa, wanakuta majani makavu na deni la mbegu. Maji yakimwagika hayazoleki, na msimu ukipita haurudi.

Twajua pia kwamba watu wengi wa nchi hii walikuja kwenye kilimo baada ya kupoteza mifugo. Toka mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 mvua za misimu mitano zilikosa kunyesha vizuri, na ng'ombe na mbuzi wengi wakafa. Kisha mwisho wa mwaka 2023 mvua za El Nino zikaleta mafuriko, na mto ukafunika mashamba. Mtu aliyepona ukame na mafuriko, je, ni haki apoteze shamba kwa sababu ya maneno ya nyumbani ambayo yangeweza kuzungumzwa?

NINI MAANA YA USULUHISHI?

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Liko shauri la kuamuliwa, na liko shauri la kusuluhishwa.

Katika kuamuliwa, kila mmoja humweleza hakimu au mzee ubaya wa mwenzake, na mwenye kiti hutoa hukumu. Mmoja hushinda, mwingine hushindwa. Aliyeshindwa hutafuta njia ya kulipiza.

Katika kusuluhishwa, msuluhishi hatoi hukumu. Kazi yake ni kuwakalisha wawili, kuhakikisha kila mmoja asema bila ya kukatizwa, na kuwauliza: wataka nini hasa, na mwenzako aweza kukupa nini? Mapatano ni yao wenyewe. Kwa hiyo huwa rahisi kuyatimiza.

Tena, kusuluhishwa si lazima kuwe na maana ya kurudiana. Hapa ndipo wengi hukosea, hasa sisi wanaume. Mwanamke akiambiwa "njoo tusuluhishwe" huogopa, kwani hudhani atalazimishwa kurudi. Usuluhishi mwema una milango miwili. Ndoa ikiweza kupona, ipone. Isipoweza, basi waachane kwa wema, watoto wakijua watakula wapi, na vitunguu vikijua nani atavinywesha maji.

NJIA ZILIZOPO

1. Wazee wa pande mbili. Kwa Waislamu njia hii si jambo jipya. Kurani, katika Sura ya Nisaa, aya ya 35, imeagiza kwamba ikihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, apelekwe mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Tazama vizuri: ni mmoja kwa mmoja. Si wazee kumi wa upande wa mume na mke amesimama nje ya kivuli. Ukiitisha kikao, hesabu watu wa kila upande. Wasipolingana, hicho si kikao cha suluhu.

2. Kadhi. Garissa pana Korti ya Kadhi. Kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu kwa sheria ya Kiislamu, ikiwa wote wawili ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa naye. Usidhani kwamba kwenda kwa kadhi ni lazima iwe vita. Mara nyingi kadhi huwapa watu nafasi ya kusikilizana kabla ya kuamua. Mke naye ana mlango wake. Aweza kuomba khului, yaani kujikomboa kwa kurudisha mahari au sehemu yake, au kuomba kadhi avunje ndoa ikiwa ana sababu ya kisheria, mathalan mume asiyetoa matumizi. Asiyeridhika na hukumu ya kadhi aweza kukata rufani katika Korti Kuu.

3. Kanisa na mila. Katika skimu zetu hatuko Waislamu peke yetu. Wako Wakristo, na wako waliooana kwa mila za kwao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yawaruhusu waliooana kanisani kutafuta upatanishi katika kanisa lao. Waliooana kwa mila waweza kupitia upatanishi wa kimila kabla korti haijaamua juu ya kuvunja ndoa. Mzee anayewapatanisha hao wa mila hupeleka taarifa kortini, nayo kazi yake sharti ifuate Katiba.

4. Usuluhishi wa korti. Mpango huu ulianza mwezi wa Aprili 2016 katika Korti Kuu ya Milimani, Nairobi, kwanza kwa mashauri ya jamaa na ya biashara, kisha ukapelekwa katika korti nyingine nchini. Shauri likiisha kufunguliwa, korti yaweza kulitoa kwa hakimu na kulipa kwa msuluhishi aliyefunzwa na kuthibitishwa. Malipo ya msuluhishi huyo hutoka kwa Idara ya Mahakama, si mfukoni mwako. Muda wake umewekwa siku 60, na korti yaweza kuongeza kidogo. Maneno unayoyasema mbele ya msuluhishi ni siri. Mwenzako hawezi kuyachukua akayatoe kama ushahidi shauri likirudi kwa hakimu. Mkipatana, mapatano huandikwa, hutiwa sahihi, na korti huyafanya kuwa amri yake. Ukienda kortini, muulize karani wa masjala ikiwa shauri lako laweza kupelekwa huko.

Lakini angalia sana hapa. Amri inayotokana na mapatano hayo haikatiwi rufani. Kwa hiyo usitie sahihi wala kidole gumba katika karatasi ambayo hukusomewa kwa lugha unayoielewa. Kama wajua Kisomali tu, taka isomwe kwa Kisomali. Si aibu.

5. Mawakili wa mapatano. Hii ni njia iliyoanzia mbali. Mwaka 1990, katika mji wa Minneapolis, Marekani, wakili mmoja aitwaye Stuart Webb alichoka kuona jamaa zikivunjika vibaya kortini. Akasema kuwa toka siku ile hatapeleka talaka yoyote kortini kupigana. Atasaidia watu kupatana tu. Wengine wakamfuata. Desturi yao ni hii: mume ana wakili wake na mke ana wakili wake, wote wanne hukaa meza moja, na hutia sahihi kwamba mapatano yakishindikana, mawakili wote wawili watajitoa. Hivyo hakuna wakili anayefaidika kwa ugomvi kuendelea. Njia hii haijaenea kwetu, na wakulima wengi hawana fedha za mawakili wawili. Lakini mafunzo yake twaweza kuyatumia bure. Mwambie mzee wa upande wako na mzee wa upande wa mwenzako waahidi mbele ya watu kwamba mapatano yakivunjika, hakuna hata mmoja wao atakayekuwa shahidi wa kuchochea. Utaona watakavyojitahidi.

Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, yaagiza mahakama zihimize upatanishi, usuluhishi na njia za jadi. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kusuluhishwa ni kukwepa sheria.

MAMBO YA KUZUNGUMZIA

Wengi wakikaa kusuluhishwa huzungumza matusi tu: nani alisema nini siku ya arusi, na mama mkwe alijibu nini. Hayo hayana mwisho. Chukua karatasi, andika mambo matano haya, mkayazungumze moja moja.

Kwanza, ndoa yenyewe. Je, kuna njia ya kurudiana? Kama ni talaka ya Kiislamu, eda imepewa watu kwa hekima, pamoja na kujulikana kama mke ana mimba. Katika talaka rejea, mume aweza kumrejea mkewe kabla eda haijakwisha. Ndiyo maana nasema mwanamume asiropoke talaka shambani akiwa na jembe mkononi na hasira kifuani. Amwone kadhi au sheikh mwenye elimu kwanza. Na talaka ikiisha kupita, iandikwe, na nakala ya hati ipelekwe kwa Msajili wa Ndoa. Mwanamke aliyeachwa bila karatasi hupata taabu siku ya kuolewa tena, na siku ya kudai haki yake.

Pili, matumizi ya mke. Mahari iliyobaki italipwa lini? Nani atatoa chakula na makao katika eda? Taja kiasi, taja tarehe.

Tatu, watoto. Katiba, kifungu cha 53, yasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Kumwacha mke si kuwaacha watoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yawaruhusu wazazi kuandika mapatano ya malezi: mtoto atalala wapi, nani atalipa shule na dawa, na yule mzazi mwingine atamwona siku zipi. Afisa wa watoto aweza kuwasaidia kuyaandika. Mzazi akikataa kabisa kutoa matunzo, iko Korti ya Watoto.

Nne, shamba. Hapa pana maneno mengi, basi twende polepole. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema kuwa mali ya ndoa hugawanywa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Na mchango si fedha tu. Sheria imetaja kazi za nyumbani, kulea watoto, na kazi ya shambani. Soma tena, ndugu mkulima: kazi ya shambani. Palizi ya mke ni mchango. Kwa Waislamu, sheria hiyo hiyo yawaruhusu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali, na huko pia mke ana mali yake aliyoichuma mwenyewe, na hakuna awezaye kumnyang'anya.

Lakini usidanganywe upande wa pili pia. Wako wanaosema siku hizi kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Si hivyo. Mwezi wa Januari 2023 Korti ya Juu ya Kenya iliamua kwamba usawa wa mume na mke katika Katiba hauna maana ya nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Basi weka daftari. Andika siku za palizi, vibarua uliowalipa, dizeli uliyonunua. Tunza risiti na ujumbe wa simu wa malipo. Daftari hilo litakusaidia katika ukulima, na litakusaidia siku ya mashaka.

Kumbuka pia kwamba katika skimu nyingi hati ya shamba ina masharti yake. Yawezekana wewe na mkeo mkapatana kukata kiwanja vipande viwili, na masharti yasiruhusu. Kwa hiyo, kabla ya kuandika mapatano ya shamba, njoo ofisini uulize. Yako mapatano mengine: mmoja abaki na shamba, mwingine alipwe, au wote wawili walime kwa misimu, au wagawane mavuno mpaka watoto wakue. Na usiuze wala kuweka rehani kwa siri. Sheria yataka idhini ya mwenzako wa ndoa.

Tano, madeni. Deni la mbegu, la dizeli, la chama. Watu hugawana mbuzi wakasahau deni. Mwenye kudai hasahau.

MFANO WA MAPATANO

Turudi kwa wenye vitunguu wetu. Tuseme walikaa chini ya mwarobaini siku ya tano baada ya ugomvi, mzee mmoja kila upande, na mwalimu wa madrasa akiandika. Wangeweza kuandika hivi:

Mume ataendesha pampu katika kila zamu ya maji hadi mavuno. Mke atatoa ufunguo wa kibanda leo. Mke atakuja shambani pamoja na dada yake siku mbili kila wiki kwa palizi, na mume hatamsemesha maneno ya ugomvi. Vitunguu vitauzwa mbele ya wote wawili. Tuseme zimepatikana neti 60 kwa shilingi 1,500 kila moja, yaani shilingi 90,000. Kwanza litalipwa deni la mbegu na dizeli, tuseme shilingi 34,000. Zitabaki shilingi 56,000. Kila mmoja atapata shilingi 28,000. Katika fungu lake mume atalipa mara moja shilingi 8,000 za mahari iliyobaki. Ada ya shule ya muhula huu ni ya baba; chakula na nguo mama na baba watapanga kila mwezi kwa kiasi kilichoandikwa. Juu ya ndoa yenyewe, wataonana na kadhi kabla eda haijakwisha.

Hesabu hiyo ni ya mfano tu. Bei ya kitunguu waijua wewe kuliko mimi. Lakini angalia: hawakumaliza ugomvi wote. Walilokubaliana kwanza ni kuokoa mavuno. Mtu aliyeuza vitunguu vyake na kulipa deni huzungumza kwa upole kuliko mtu aliyepoteza vyote. Ndiyo sababu nakushauri: kabla ya kusuluhisha talaka, suluhisha maji.

Mapatano yakiandikwa, yasomwe kwa sauti, watie sahihi wote wawili na wazee wawili, na kila mmoja apewe nakala. Kisha yapelekwe kwa kadhi au kortini yathibitishwe. Karatasi isiyothibitishwa huweza kukanwa.

MAMBO YASIYOSULUHISHWA

Sasa nitasema jambo ambalo wengine hawatapenda, lakini mwalimu akificha somo amewadhulumu wanafunzi.

Katika nchi yetu ya Garissa, Wajir na Mandera, wazee wana desturi ya maslaha. Imefanya kazi kubwa ya kuzuia damu baina ya koo, na twawaheshimu wazee kwa hiyo. Lakini maslaha imetumiwa pia kumaliza mambo yasiyo ya wazee. Mwanamke amepigwa akavunjwa mkono. Wazee wakakaa, ngamia wakatolewa, wakapewa nduguze, naye akarudishwa nyumba ile ile. Msichana amenajisiwa, wazee wakakaa, mali ikatoka, kesi ikafa polisi. Je, huo ni usuluhishi? Mwenye kuumizwa hakuulizwa, wala hakupewa kitu. Hiyo ni biashara juu ya jeraha la mtu.

Katiba hiyo hiyo inayosifu njia za jadi, kifungu cha 159, imeweka mpaka: njia hizo zisivunje haki za binadamu zilizoandikwa ndani yake. Kunajisi na kubaka ni makosa ya jinai kwa sheria ya mwaka 2006. Kumwoza mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa. Kupigwa nyumbani kuna sheria yake ya mwaka 2015, na mwenye kupigwa aweza kuomba korti itoe hati ya ulinzi ili mpigaji asimkaribie.

Basi fahamu hivi: palipo na kipigo au hofu, usimwite mwanamke kwenye kikao akae uso kwa uso na aliyempiga. Kwanza hospitali, kisha polisi. Kwa simu, namba 1195 ni ya msaada wa dhuluma za nyumbani, na 116 ni ya watoto. Msuluhishi mwema huuliza swali hili kabla ya yote, tena humwuliza kila mmoja faraghani: je, wamwogopa mwenzako? Jibu likiwa ndiyo, usuluhishi husimama hapo.

FUNZO KUTOKA WAJIR

Yawezekana wasema, haya ni mambo ya wanaume na wazee, mwanamke wa kawaida hawezi kusuluhisha lolote. Basi sikiliza habari ya Wajir.

Mwaka 1992 na 1993 koo za Wajir zilikuwa zikipigana vibaya. Ugomvi ukaingia hata sokoni, mwanamke wa ukoo huu asimuuzie mwanamke wa ukoo ule. Wanawake wachache, kati yao Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, wakaanza kukutana na kuzungumza. Hawakuanza na mambo makubwa ya siasa. Walianza na soko: kila mwanamke, wa ukoo wowote, aweze kununua na kuuza bila ya kusumbuliwa. Soko lilipotulia, wakawafuata wazee, kisha vijana, kisha maofisa wa Serikali. Kutoka hapo ikatoka Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na mfano wake ukafuatwa sehemu nyingine za Kenya. Mwaka 2007 Bibi Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood kwa kazi yake ya amani. Alifariki mwaka 2011.

Waona? Walianza na soko kama vile sisi twaweza kuanza na maji. Chagua kitu kimoja ambacho wote wawili mwakihitaji, mpatane juu ya hicho, kisha songa mbele.

MANENO YA MWISHO

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ugomvi ukiingia nyumbani kwako, fanya hivi. Usitamke neno zito kwa hasira. Usifunge maji, usivunje pampu, usiuze mbuzi kwa siri. Itisha mzee mmoja wa kila upande mapema, kabla ya zamu ya pili ya maji kupita. Mama akae ndani ya kikao, aseme mwenyewe kwa kinywa chake. Andikeni. Nendeni kwa kadhi, kanisani au kortini mkathibitishe. Na kama pana kipigo, usingoje kikao.

Nawe jirani, usikae ukitazama shamba la mwenzako likikauka. Ile methali haikukataza kumshikia mtu zamu ya maji. Fungua mfereji wake, mwagilia, kisha nenda zako bila ya kuuliza habari za ndani. Watakapopatana, watakuta bado kuna kitu cha kuvuna.

Na ukija mezani kwangu ukasema, "Karani, futa jina," nitakuuliza mambo mawili tu. Ziko wapi karatasi za mapatano? Na leo, shamba limenyweshwa maji?

Karani wa Kilimo